Kuresoi Nao Wapewe Volkano

Mamlaka ya Hatari za Asili ya Ufa wa Kati iliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia mwaka huu wa fedha hakuna kanda itakayonyimwa volkano. Tangazo lilibandikwa kwenye lango la makao makuu ya Mamlaka pale Gilgil, chini kidogo ya kibao kinachokataza watu kukojoa ukutani, na likasomwa redioni kati ya matangazo ya mbolea na ya vifo. Lilisema kwamba siku za watu wachache kujilimbikizia matetemeko, mvuke na nyufa, huku wenzao wakiambulia patupu, zilikuwa zimekwisha. Hatari ni mali ya umma, na mali ya umma hugawanywa.

Aliyeandika tangazo hilo ni Bwana Kipngeno, Kaimu Mkurugenzi. Alikuwa amekaimu kwa muda mrefu hata watoto wa jirani walidhani Kaimu ni jina alilobatizwa. Kaimu hufanya kazi zote za mkurugenzi, hulaumiwa kwa makosa yote ya mkurugenzi, ila jina lake haliandikwi kwenye ubao wa mapokezi. Kipngeno alitamani kuthibitishwa kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote duniani, ukimtoa mkewe Jerop, ambaye naye alimpata baada ya kukaimu uchumba mpaka wazazi wa pande zote mbili wakachoka.

Mambo yalianza na wageni. Wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Uskoti walikuja kusoma hatari za asili kwa kuzitembelea zilipo, kwa kuwa volkano za kwao zilikufa zamani sana na sasa ni za kulishia kondoo. Zetu bado zinapumua. Wakazunguka Menengai, wakapanda Eburru kunusa mvuke, wakagonga mawe kwa nyundo ndogo na kuyafunga kwenye mifuko kama nyama ya buchari. Watu wa Ndabibi waliona kazi hiyo, wakaamini ni dhahabu inatafutwa, wakajitolea kuwachimbia wageni mashimo ambayo hawakuyaomba.

Kiongozi wao alikuwa mtafiti aitwaye Sue, msichana mwenye shingo iliyoiva kwa jua na Kiswahili alichosomea Unguja. Kilikuwa Kiswahili kilichonyooka sana. Alipoingia dukani Gilgil akasema, "Samahani, naomba uniuzie kiberiti tafadhali," muuza duka alimwita mkewe aje asikie.

Kazi ya wageni ilizaa ramani yenye rangi tatu. Nyekundu ilikuwa hatari kubwa, njano hatari ya wastani, na kijani usalama. Mamlaka nayo, kwa msaada wa wafadhili, ilikuwa imeahidi kwamba kila eneo jekundu lingepewa Kifurushi cha Hatari: barabara ya lami ya kukimbilia, king'ora, na sherehe ya uzinduzi yenye mahema. Wafadhili waliona huo ni mpango mzuri. Hawakuwa wamewahi kuhudhuria kikao cha Bodi.

Ramani ilimulikwa ukutani. Menengai ilikuwa nyekundu. Ndabibi ilikuwa nyekundu ya kutosha kabisa. Gilgil ilikuwa na mkanda mwekundu uliopita kando ya mji. Kuresoi ilikuwa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na vidoa vichache tu vya njano kwenye miteremko.

Mheshimiwa Cheruto, mjumbe wa Kuresoi, alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Bwana Chair," akasema, "naona Kuresoi iko kijani. Ni macho yangu ama ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa," Kipngeno akajibu kwa unyenyekevu. "Kijani maana yake ni salama."

"Salama!" Cheruto akasimama. "Ndabibi wapewe nyekundu. Menengai wapewe nyekundu. Hata Gilgil, ambao mjumbe wao amelala hapo tukiongea, wako na nyekundu. Sisi tupewe salama? Nitarudi kuambia watu nini? Ati nimewaletea salama?"

Mjumbe wa Gilgil, Mheshimiwa Hiram, alikuwa kweli amelala. Alikuwa mzee mwenye kipaji cha kulala akiwa ameketi wima, na wengi walidhani anatafakari.

"Viazi zetu zinaoza kwa barabara kila msimu," Cheruto akaendelea. "Tumeandika barua, tumeomba kanisani, tumefunga barabara na mawe. Sasa mnasema lami inakuja na volkano. Sawa. Basi tuletewe volkano. Hatusemi kubwa. Hata ya kati tutashukuru."

Na hapa sharti tuseme haki yake: Cheruto hakuwa mjinga. Alikuwa amejaribu milango yote ambayo raia mwema hujaribu, na kila mlango ulikuwa na askari aliyemwambia arudi wiki ijayo. Mlango uliobaki ulikuwa wa volkano.

Wote wakamgeukia Mwenyekiti. Mheshimiwa Jamleck Kang'ethe alikuwa ameteuliwa kuongoza Bodi baada ya kushindwa uchaguzi mara mbili mfululizo, taifa likaona si vyema busara yake ipotee bure. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye desturi ya kupiga meza kabla ya kusema.

Akapiga meza. "Mheshimiwa ameongea point. Hawa wageni wamefanya kazi nzuri, siwezi kataa. Mawe wanajua. Lakini siasa ya hapa hawajui. Huwezi pea watu nyekundu na wengine kijani na unataka amani. Kaimu, tafuta formula."

"Formula ya nini, Mheshimiwa?"

"Ya kugawa nyekundu. Na ukiifanya vizuri, ile maneno yako ya kuthibitishwa tunaimaliza mwezi huu."

Kipngeno alitoka ukumbini akitembea kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Kamati ya Ugavi Linganifu wa Hatari iliundwa siku hiyo hiyo na ikanywa chai siku hiyo hiyo. Formula yake ilizingatia idadi ya watu, ukubwa wa eneo, na kigezo kipya ambacho wataalamu wa Mamlaka walijivunia sana, yaani kiasi cha hatari ambacho kanda imenyimwa kihistoria. Kwa kigezo hiki cha mwisho, Kuresoi ilidai mkanda mzima wa nyekundu. Tatizo likawa utoke wapi. Menengai haingeguswa kwa sababu picha yake huonekana kwenye kalenda. Mjumbe wa Ndabibi alisimama mlangoni na kusema atakayegusa hatari za watu wake atapita juu ya maiti yake kwanza. Ilibaki Gilgil, na Mheshimiwa Hiram bado alikuwa usingizini. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, na Bodi iliheshimu wahenga. Mkanda mwekundu wa Gilgil ukapelekwa Kuresoi kwa kauli moja.

Mkanda huo ndio uliopita chini ya Shule ya Msingi ya Mvukeni, umbali wa kutembea tu kutoka makao makuu. Baada ya mvua za mwaka uliopita ardhi pale ilikuwa imepasuka, na ufa ukaingia darasani kwa Gredi ya Nne kupitia chini ya ubao, ukatokea upande wa pili karibu na mlango. Mwalimu wa darasa alikuwa Jerop. Aliweka ubao wa mbao juu ya ufa ili wanafunzi wavuke, akaiandikia Mamlaka. Mamlaka ilimjibu kwamba ufa huo ulikuwa haujasajiliwa. Jibu hilo lilikuwa limetiwa sahihi na mumewe.

Na dawati la pili kutoka ufani lilikuwa la Cherop, binti yao.

Kipngeno alimwendea Sue kwenye hema la wageni, katika uwanja nyuma ya makao makuu. Alimkuta akiosha mawe kwenye karai.

"Shikamoo, Mkurugenzi," Sue akasema.

Kipngeno aligeuka kuona ni mzee gani aliyekuwa nyuma yake. Hakuona mtu. "Poa," akajibu. Hata hivyo neno Mkurugenzi, bila kile kitangulizi, lilimwingia kifuani kama uji wa moto.

"Kuna kasoro ndogo ya rangi," akaendelea. "Gilgil ipunguzwe, Kuresoi iongezwe. Halafu tuko sawa."

Sue aliweka jiwe chini. "Lakini Gilgil kuna ufa, Bwana Mkurugenzi. Nimeuingiza mkono wangu hadi begani pale shuleni."

"Ufa tunaujua. Ufa utabaki hapo hapo. Tunahamisha rangi tu."

"Rangi ikihama na ufa ukibaki, watoto watakuwa juu ya ufa."

"Watakuwa juu ya kijani," Kipngeno akamsahihisha.

Sue akacheka, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, naye akaacha polepole. "Ni nani amekuambia kwamba volkano hufuata mipaka ya kanda?"

"Dada, hapa hata mvua inafuata mipaka ya kanda."

"Siwezi kuibadilisha ramani," Sue akasema, na sauti yake ilikuwa imepoteza uchangamfu wote. "Kama mnataka kuipaka rangi nyingine, ipakeni wenyewe. Lakini futeni jina la chuo chetu, na ile shule muitazame tena. Nakuomba sana."

Mamlaka ilichukulia maneno ipakeni wenyewe kuwa kibali rasmi.

Jioni hiyo Kipngeno aliketi mezani akanawa mikono. Jerop akamletea sahani ya sukuma wiki. Akangoja ugali. Ugali haukuja.

"Mama Cherop, ugali imeisha?"

"Ugali ni ya watu wako kwa hatari," Jerop akasema, akijikatia kipande kikubwa na kumkatia mtoto kingine. "Wewe uko kijani. Kula."

Kumbe habari za Bodi zilikuwa zimeshatembea. Gilgil ni mji mdogo, na mwandalizi wa chai ya Bodi aliimba kwaya moja na Jerop.

"Ni rangi tu," Kipngeno akasema.

"Baba," Cherop akaingilia huku mdomo umejaa, "leo peni yangu imeingia kwa ufa. Tulinyamaza wote tusikie ikifika chini. Haikufika."

Kipngeno aliogopa. Aliogopa kama baba yeyote angeogopa. Lakini alikuwa amezoea kufikiri kama kaimu, na kaimu akiogopa hutafuta kipengele cha kanuni kinachomruhusu kuogopa. Hakukipata.

"Baba Cherop," Jerop akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "hicho cheo kikija na mtoto akiwa ndani ya shimo, utakikalia wapi?"

Kipngeno alimaliza sukuma yake kavu, akaenda kulala mapema.

Sheria inataka umma ushirikishwe katika kila jambo, na volkano haikuachwa nje. Mahema yalisimamishwa katika uwanja wa makao makuu, viti vya waheshimiwa vikavalishwa vitambaa vyeupe na utepe, vya wananchi vikabaki uchi. Mchungaji alifungua kwa maombi, akimsihi Mungu aongeze moto mahali ulipopungua. Kisha maoni yakakaribishwa, na maoni yalikuwepo.

Mama mmoja wa Kuresoi aliyefika na gunia lake la viazi, ikiwa soko lingepatikana, alichukua kipaza sauti. "Mimi sina ubaya na lava," akasema. "Ije tu. Lakini ipitie kwa barabara, isikanyage waru, hizi viazi zetu."

"Hiyo volkano itaandika vijana kazi?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma. "Ama itakuja na watu wake kutoka Nairobi kama kawaida?"

Mzee wa Ndabibi alitaka ihakikishwe kwamba kanda yake haitaletewa hatari ya mitumba iliyokwisha kutumika kwingine. Mwingine akauliza kama mtu anaweza kupewa volkano na bado akabaki kwenye orodha ya mbolea ya serikali. Kila swali liliandikwa. Kila jibu lilikuwa kwamba swali ni zuri.

Kisha Kipngeno akaitwa kusoma ramani mpya. Alisimama. Alifungua mdomo kusema kwamba Gilgil, kwa moyo wa uzalendo, ingetoa mkanda wake. Ndipo alipoona mstari wa mbele upande wa wananchi. Gredi ya Nne yote ya Mvukeni ilikuwa imeketi pale kwa sare, mikono juu ya magoti, na Jerop kando yao amefumbata mikono. Hakumkunjia uso. Alimtazama tu jinsi anavyomtazama mwanafunzi ambaye anajua jibu na hataki kulisema. Cherop akampungia baba yake mkono.

Upande wa pili, Mwenyekiti Kang'ethe alikuwa akimtazama pia, na mwezi ulikuwa unakaribia kuisha.

Ujasiri haukumjia, na tusimsingizie. Kilichomjia ni kile kipaji cha watumishi wa umma wa muda mrefu, cha kutomuudhi yeyote aliyeko karibu. "Mabibi na mabwana," akasema, "hakuna mtu anapunguziwa. Kuresoi itakuwa nyekundu. Gilgil inabaki nyekundu. Ndabibi, Menengai, kila mahali. Mamlaka imeonelea... yote. Yote ni nyekundu."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mama wa Kuresoi alirusha kiazi juu. Watu wa Ndabibi na Gilgil walikumbatiana, na Mheshimiwa Hiram akaamka kwa kelele, akapiga makofi, akauliza jirani yake ameshinda nani.

"Umefanya nini wewe?" Kang'ethe akanong'ona kwa meno yaliyofungwa. Kisha akausikia umati ukiimba jina la Mamlaka, jambo lisilowahi kutokea tangu iundwe, na uso ukamfunguka. Akakinyakua kipaza sauti. "Kama vile nilimwagiza Kaimu," akaanza.

Sue alikuwa amesimama pembeni na wanafunzi wake. Kipngeno alipompita, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ramani nyekundu yote si ramani, Bwana Mkurugenzi. Haimwonyeshi mtu pa kukimbilia."

"Lakini hakuna mtu amekasirika," Kipngeno akasema, na hilo kwake lilikuwa hoja.

Bodi ilikutana kuipitisha ramani, na ikiwa mezani ikaona ni vyema kuweka pia Kanuni za Uhamishaji, endapo moto ungetoka kweli. Mjadala ulikuwa mkali kuhusu nani ahamishwe kwanza. Ikakubaliwa kwamba nchi inaweza kupata wananchi wengine lakini uongozi ni adimu. Kwa hiyo awamu ya kwanza ingekuwa ya waheshimiwa na wakuu waliothibitishwa, kwa kufuata itifaki. Wananchi wangehamishwa katika awamu ya pili, baada ya Bodi kuketi tena makao makuu na kuwaidhinisha. Cheruto peke yake aliuliza kama hiyo haikuwa kinyume, akajibiwa kwamba swali ni zuri.

Kipngeno, aliyekuwa akiandika, alijaribu kulipenyeza jina lake mwishoni mwa awamu ya kwanza. Kang'ethe akalikata kwa kalamu yake mwenyewe.

"Kaimu sio cheo, ni hali," akasema kwa wema. "Ngoja uthibitishwe, halafu utaokolewa kama wenzako."

Akatia sahihi kubwa, na mhuri juu yake, na nakala ikapelekwa Nairobi.

Kuna ofisi moja huko Nairobi inayoshughulikia dharura za taifa zima, na ofisi hiyo hupokea karatasi nyingi mno kuweza kuzisoma. Husoma rangi. Kijani huwekwa kabatini, njano huwekwa juu ya meza, nyekundu hushughulikiwa. Bahasha ya Ufa wa Kati ilipofunguliwa, ofisa aliyeifungua aliita wenzake. Hawakuwahi kuona kitu kama kile. Kutoka Menengai hadi Kuresoi hapakuwa na hata upenyo wa njano. Chini yake palikuwa na sahihi, mhuri, na kanuni kamili za uhamishaji zilizoandaliwa na wenyewe. Nairobi ilifurahi sana kupata, kwa mara ya kwanza, eneo lililojipanga.

Mabasi yalifika Bodi ikiwa kwenye chai. Ofisa mrefu mwenye koti la kuakisi mwanga aliingia, akapiga saluti, akaanza kusoma majina kwa kufuata itifaki.

"Ngoja, ngoja," Kang'ethe akasema na sambusa mkononi. "Kwani kumetokea nini?"

"Janga, Mheshimiwa."

"Janga gani? Hiyo ni rangi tu! Ilikuwa mambo ya usawa!"

Ofisa akamwonyesha karatasi. "Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, lakini—"

"Basi pole sana kwa janga. Panda basi, Mheshimiwa. Sisi tunafuata plan yenu."

Wakapanda. Mheshimiwa Hiram alibebwa na kiti chake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuvunja kauli ya wahenga. Kipngeno alisimama mlangoni akingoja jina lake, kwa mazoea tu, na ofisa akafika mwisho wa karatasi, akaikunja.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe ni nani?"

"Kaimu Mkurugenzi."

Ofisa akaangalia tena. "Hauko," akasema, akafunga mlango wa basi.

Waheshimiwa walipelekwa mahali pa kwanza ambapo hapakuwa pekundu, nyanda za juu, hatua chache nje ya mpaka wa Mamlaka. Hapakuwa na kitu pale ila upepo na kondoo wa mtu. Wakapewa mahema, blanketi za kijivu na maharagwe. Siku ya pili wakaamua kuitisha kikao waifute ile nyekundu warudi nyumbani. Ndipo ilipogunduliwa kwamba kikao halali cha Bodi lazima kifanyike makao makuu, na makao makuu yalikuwa eneo jekundu, na eneo jekundu halikuruhusiwa kuingiwa na mtu wa awamu ya kwanza. Awamu ya pili nayo haikuweza kuanza bila kikao. Kwa hiyo wananchi wa Ufa wa Kati walibaki majumbani mwao, wakifuga na kupalilia katikati ya janga, kwa amani ambayo wengi wao hawakuikumbuka.

Barabara ya kukimbilia ilianza kumwagwa lami Kuresoi kwa dharura. Viazi vikawa vya kwanza kukimbia. Vilifika Nakuru vikiwa vizima, na Cheruto aliposikia habari hizo kambini alilia kwa furaha, akaomba maharagwe ya ziada. Yeye pekee hakulalamika.

Sue aliona si haki kupoteza fursa ya kimasomo. Aliwapeleka wanafunzi wake kambini kuwahoji watu walioathiriwa na hatari za asili.

"Shikamoo, mzee," mwanafunzi mmoja alimwambia Kang'ethe, jinsi alivyofundishwa. "Pole sana. Ulipokimbia, ulibeba nini?"

Kang'ethe alijivutia blanketi mabegani. "Bendera ya gari," akasema. Mwanafunzi akamshukuru.

Na Kipngeno? Kaimu hufanya kazi za mkubwa wake asipokuwepo. Mkurugenzi hakuwepo, Mwenyekiti hakuwepo, Bodi yote haikuwepo. Alizunguka jengo tupu siku nzima akisikia viatu vyake mwenyewe. Kisha akaenda kwenye hema la Sue, akaomba ile ramani ya kwanza, yenye rangi tatu. Sue alimpa. Wakaitandaza chini, na Kipngeno akauona mkanda mwekundu ukipita Mvukeni, na akaona kwamba makao makuu ya Mamlaka yalikuwa yamejengwa juu ya mwamba imara, kijani kitupu.

Hakuunda kamati. Alitia sahihi amri ya kuihamisha shule akiwa amepiga magoti, na kesho yake Shule ya Msingi ya Mvukeni ikahama na madawati vichwani, Jerop akiongoza wimbo. Jioni hiyo Kipngeno alipewa ugali mkubwa kuliko sahani.

Simu ya Kang'ethe ilikuja siku chache baadaye. Upepo ulikuwa ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Kipngeno! Congratulations! Nimekuthibitisha mwenyewe, hiyo haihitaji kikao. Kuanzia leo wewe ni Mkurugenzi kamili, hakuna kaimu tena. Si umefurahi?"

Moyo wa Kipngeno uliruka. Usingeweza kuuzuia, ulikuwa umeyangoja maneno hayo kwa muda mrefu mno. Alilitazama dirisha, akajiona kwenye kioo, Mkurugenzi kamili, na alipendeza.

"Kanuni inasema mkurugenzi aliyethibitishwa anaweza kufuta nyekundu," Kang'ethe akaendelea haraka. "Utaandika tu, turudi. Gari inakuja kukuchukua sasa hivi, maana ukishathibitishwa uko awamu ya kwanza, si unajua. Hema yako tayari. Iko karibu na yangu."

"Nikishafuta, mtarudi hapa ofisini?"

"Kwani turudi wapi? Sema tu umekubali."

Kipngeno aliutazama ukumbi kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Asante sana, Mheshimiwa," akasema. "Lakini naona bado sijaiva. Wacha tu nikaimu."

"Unakataa? Wewe? Kipngeno, unajua ni watu wangapi..." Sauti ikakatika, ikarudi. "Ngoja kwanza. Hiyo kelele ni ya nini? Ni nani anaimba tebo ya saba, saba mara mbili kumi na nne, kwa boardroom yangu?"

"Ni Gredi ya Nne, Mheshimiwa."



"Na kiti changu?"

"Wanakikalia kwa zamu, Mheshimiwa. Wanasema kinazunguka vizuri sana."